Maji ya Takawiri Hayapwi

"Mzee, ati ni kweli kwamba huko kwenu Mombasa maji huondoka, yakaenda zake, kisha yakarudi?"

Swali hili niliulizwa jioni moja ufukoni mwa Takawiri, kisiwa kidogo kilicho katika Ziwa Viktoria kati ya Rusinga na Mfangano, upande wa Homa Bay. Aliyeniuliza ni kijana wa miaka kumi na saba hivi, ameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, anashona wavu. Alizisikia habari hizo kwa dereva wa lori la samaki kule Mbita, akadhani dereva anamfanyia mzaha. Kwani maji yataondoka yende wapi?

Nilicheka, nikamwambia ni kweli tupu. Nikamweleza kwamba siku za bamvua mtu huweza kutembea kwa miguu juu ya mwamba saa nne asubuhi akiokota chaza, na saa kumi alasiri mashua ikapita pale pale na tanga lake. Nikamtajia na maji mafu, ambayo hata yakijaa ni kama hayakujaa. Kijana akasikiliza, sindano imemsimama mkononi. Kisha akauliza swali la pili, nalo ndilo lililonikalisha kitako.

"Kwa nini?"

"Ni mwezi," nikasema. "Mwezi huyavuta maji."

Akainua macho. Hilali ya siku ya tatu ilikuwa imening'inia juu ya milima ya Mfangano. "Mwezi si huu? Mbona basi hapa hauyavuti?"

Mpenzi msomaji, mimi ni mtu wa pwani, baba na babu. Saa za maji nazijua kama nizijuavyo nyakati za sala. Nimetunga mashairi, Mungu anisamehe, yapata kumi na ushei yenye kupwa na kujaa ndani yake, na mahaba ya kila namna nimeyalinganisha na bamvua. Lakini mbele ya kijana yule sikuwa na jibu. Nilijua kwamba ni mwezi. Kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku ilhali mwezi hupita mara moja, na kwa nini ziwa kubwa kama lile limetulia tuli, sikujua. Nikasingizia adhana, nikaenda kutawadha.

Na huko nako nikakutana na swali jingine. Nilipochota maji ya kusukutua, ulimi wangu ulikuwa umejitayarisha kwa chumvi. Kwa macho yangu ile ilikuwa bahari: mawimbi, mashua, mchanga mweupe kama wa Diani. Maji yakawa matamu. Nikasimama pale kama aliyesahau alifikia kiungo gani.

Nilipokuwa chuoni, miaka ya sabini, nilimuuliza maalim wetu habari za kupwa na kujaa. Akaniambia kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ayavutaye maji na ndiye ayarudishaye, jibu ambalo halina mushkili. Lakini akaongeza neno ambalo hadi leo namshukuru kwalo: wako wanavyuoni walioandika jinsi jambo hilo lilivyopangwa, nawe ukikua uwasome. Basi nimekua, mvi zimeingia, na safari ya Takawiri ndiyo iliyonikumbusha deni.

Tangu niliporudi nimekuwa nikivisoma vitabu ambavyo mimi huviita vitabu vya barazani. Navitenga na vitabu vya mtihani. Kitabu cha mtihani hukuuliza wewe maswali, na ole wako usipoyajibu. Kitabu cha barazani hukaa nawe, kikangoja uulize, kikakujibu kwa lugha ya mtu mzima anayezungumza na mtu mzima mwenzake ambaye jambo hilo hakupata kulisoma. Vitabu hivi vya sayansi ni vichache kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu aliyebobea katika elimu aghalabu husahau jinsi ilivyokuwa kutojua.

Mmoja ambaye hakusahau ni Abu Rayhan al-Biruni. Mwaka 1029, akiwa Ghazna, katika nchi ambayo sasa ni Afghanistan, alimwandikia bibi mmoja wa Khwarezm, jina lake Rayhana binti al-Hasan, kitabu alichokiita Kitab al-Tafhim, yaani kitabu cha kufahamisha. Chote ni maswali na majibu. Huanza chini kabisa, kwa kuuliza nukta ni nini na mstari ni nini, kikapanda hesabu, kikafika mbinguni kwenye nyota, kikashuka kwenye nchi na bahari, kalenda za mataifa, na chombo cha usturlabu. Biruni alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa zama zake, mtu aliyeupima mzingo wa dunia kwa kupanda mlima na kutazama upeo wa macho. Na bado alikaa akajibu nukta ni nini, kwa kuwa kuna mtu aliyetaka kujua.

Kuhusu maji yenyewe, alitangulia Abu Ma'shar wa Balkh, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Huyu alikuwa mpiga falaki, na ubashiri wake sina haja nao. Lakini katika kitabu chake kikubwa cha utangulizi aliweka sura ndefu juu ya kupwa na kujaa, akaeleza jinsi maji yanavyofuatana na mwezi siku kwa siku, na kitabu hicho kilipotiwa katika Kilatini karne ya 12 ndicho kilichowasomesha Wazungu jambo hilo kwa muda mrefu. Alijua kwamba ni mwezi. Kwa nini mara mbili, hilo lilimngoja Newton, Mwingereza, mwaka 1687. Kitabu cha Newton ni cha Kilatini tena kigumu kama jiwe, wala simshauri mtu akianzie. Ila maana yake naweza kuieleza hapa kama ningalivyopaswa kumweleza yule kijana.

Mwezi huvuta kila kilichoko duniani, lakini kilicho karibu nao huvutwa zaidi, na kilicho mbali huvutwa kidogo. Maji ya upande unaouelekea mwezi huvutwa kuliko dunia yenyewe, yakajikusanya. Dunia nayo huvutwa kuliko maji ya upande wa pili, nayo yakabaki nyuma, yakajikusanya huko. Basi yakawa marundo mawili, na dunia inazunguka chini yake; ndiyo sababu tunapata maji makuu mara mbili. Na kwa kuwa mwezi haukai mahali pamoja bali unasonga katika njia yake, kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Vanga au wa Kiunga analijua pasi na saa. Jua pia huvuta, kwa nguvu iliyo chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Likiwa katika mstari mmoja na mwezi, nao ni wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, nguvu hujumlishwa, ikawa bamvua. Zikivuta kwa pembe, moja huko na moja huku, ndipo maji mafu.

Na ziwa? Nalo huvutwa. Lakini yale marundo hujengwa na maji yanayotiririka kutoka mbali, maelfu ya kilometa za bahari kuu. Ziwa Viktoria, pamoja na ukubwa wake wa kilometa za mraba 68,800 hivi, mbele ya mwezi ni bakuli tu. Ukingo wake mmoja na wa pili huvutwa karibu sawasawa. Kupanda kwake hakuzidi vidole viwili vitatu, na upepo mdogo wa alasiri hutosha kukufuta. Nayo ile chumvi niliyoikosa ni hivi: mito yote hubeba chumvi kidogo ya mawe na udongo. Bahari haina pa kuitolea, maji yake yanapanda mbinguni kwa joto la jua na chumvi inabaki. Ziwa lina mlango, nao uko Jinja, ambapo Mto Nili hulitoa nje siku zote.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na njia yetu ya kuyahifadhi mambo haya, nayo ni ushairi. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha wa karne ya 15, aliandika elimu ya bahari kwa nathari na kwa nudhuma. Mwaka 1462 alitunga utungo wa beti zaidi ya elfu moja juu ya misingi ya safari za bahari, na yako mashairi yake yanayoshuka pwani yetu hadi Sofala. Alitunga kwa kina kwa sababu nahodha usiku wa dhoruba hafungui kitabu; anafungua kifua. (Wako wanaomsingizia kwamba ndiye aliyempeleka Vasco da Gama Bara Hindi kutoka Malindi mwaka 1498. Wataalamu wengi siku hizi wanalikataa jambo hilo, nami nafurahi.)

Turudi kisiwani. Hilali ilipotua, giza likaingia, na mashua zikatoka. Huko huvuliwa omena, ambao Watanzania huwaita dagaa, nao huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, kama wavuvi wetu wafanyavyo baharini. Zamani zilikuwa karabai. Sasa nyingi ni taa za betri zinazojazwa nguvu za jua. Ukisimama ufukoni huoni mashua wala watu, unaona mji unaoelea. Wadudu wadogo wa majini huufuata mwanga, na omena huwafuata wadudu.

Kijana yule hakutoka mapema usiku ule. Alikuwa akitengeneza karabai kuukuu ya babake, akaniuliza kama najua ni kitu gani hasa kinachowaka: je, ni utambi, ni mafuta, au ni upepo? Wallahi, nilihisi nimetumwa kisiwani kwa ajili ya kuaibishwa.

Nilikuwa nimewahi kukisoma kitabu kimoja juu ya swali hilo hilo, lakini kwa haraka. Ni kitabu cha Michael Faraday, "The Chemical History of a Candle," yaani habari za mshumaa. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu mjini London, akawa anavisoma vile anavyovijalidi. Kimojawapo kilikuwa cha bibi Jane Marcet, mazungumzo ya kemia baina ya mwalimu mwanamke na wasichana wawili. Faraday alikuja kuwa bingwa wa umeme duniani, wala hakuona haya kumtaja bibi yule kuwa ndiye aliyemfungulia mlango. Hebu msomaji angalia: miaka mia nane kasoro kidogo baada ya Rayhana, mambo ni yale yale, maswali na majibu, na mwanamke yumo katikati.

Krismasi ya mwaka 1860, Faraday akiwa na miaka 69, aliwaita vijana akawawashia mshumaa mmoja, akazungumza nao juu ya mshumaa huo kwa vikao sita. Akawaonyesha kwamba nta huyeyuka, ikapanda utambi kama maji yanavyopanda katika kitambaa, na kwamba kinachowaka ni mvuke wake, kiasi kwamba ukiuongoza mvuke huo kwa kijibomba cha kioo unaweza kuuwasha mbali na mshumaa. Mwangaza wenyewe ni chembe za masizi zilizopata moto zikang'aa. Na jambo la ajabu kupita yote, moto huzaa maji. Weka barafu katika kijiko, kishike juu ya ulimi wa moto, utaona chini yake unyevu. Mafuta ya karabai ni yale yale, ila hutumwa kwa pampu yakageuzwa mvuke, na mvuke ukakipasha moto kile kifuko cha uzi hata kikawa cheupe. Tena akawaambia vijana wale kwamba pumzi zetu hufanya kazi moja na mshumaa. Kitabu kile ni chembamba, hakina hesabu hata moja ngumu, na kwa maoni yangu hakijapata mpinzani.

Asubuhi nilikwenda kutazama akina mama wanaoanika omena juu ya nyavu kuukuu. Nikamuuliza mmoja, mtu mzima, habari za fulu. Akatabasamu. "Fulu wa utoto wangu walikuwa kama kanga dukani," akasema. "Wekundu, wa buluu, wa manjano. Hawa wa sasa ni wa kijivu, tena wachache. Wengine hata majina yao siwezi kukutajia, kwa sababu nani atayasema na samaki hayuko?"

Hapo ndipo penye kitabu ambacho kila mtu anayekaa kando ya ziwa lile angestahiki kukisoma. Kiliandikwa na Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyefika Mwanza mwaka 1981 kuwachunguza fulu, ambao upande ule huitwa furu. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, na kwa Kiingereza mwaka 1996 kwa jina la "Darwin's Dreampond." Ziwani mlikuwa na aina 500 hivi za samaki hawa wadogo, jamaa moja wote, na kila aina na riziki yake: huyu anakwangua mwani mawenini, huyu anavunja konokono, yule anakula magamba ya wenzake, na yule mwingine, mwizi mkubwa, hunyang'anya watoto kinywani mwa mama yao, maana fulu wa kike hulea mayai mdomoni. Na ziwa lenyewe, kwa mujibu wa matope yaliyochimbwa chini yake, lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Wingi ule wote ulitokeaje kwa muda mfupi namna ile?

Kabla jibu halijakamilika, waliokuwa wakichunguzwa wakaanza kutoweka. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa ziwani kutoka maziwa mengine. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Ilipofika miaka ya 1980 akajaa, akala, na aina 200 hivi za fulu zikapotea au zikaacha kuonekana. Goldschmidt alikuwapo akihesabu. Huandika kwa mzaha na majonzi pamoja, kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta matanga. Wala hafichi kwamba mbuta aliwapa watu wengi kazi na fedha.

Hata yule mama na kanga zake, sayansi imemthibitisha. Mwaka 1997 ilielezwa kwamba fulu wa kike huchagua mume kwa rangi, wa buluu kwa wa buluu, mwekundu kwa mwekundu. Maji yakichafuka mwanga haupiti, rangi hazionekani, na aina mbili zikachanganyika zikawa moja yenye rangi ya vumbi. Baadhi ya waliodhaniwa wametoweka wamerudi kidogo kidogo tangu mbuta alipopungua kwa kuvuliwa. Majina hayakurudi nao.

Najua wako watakaokunja uso kwa jina la Darwin. Mimi nimekisoma kitabu chake cha mwaka 1859, na naweza kusema kwamba kusoma si kula kiapo. Anayetaka kumpinga amsome kwanza, kama wanavyuoni wetu walivyowasoma Wayunani, herufi kwa herufi, kisha wakakubali walichokikubali na kukataa walichokikataa. Al-Jahiz wa Basra alikwisha kukaa akaandika juzuu baada ya juzuu juu ya wanyama na jinsi wanavyolana, miaka elfu moja kabla ya Darwin. Tena vitabu vya kale vina makosa ya kale. Darwin hakujua urithi wa mzazi hupitia wapi. Anayekisoma kitabu kama hicho akidhani ni neno la mwisho amekosea sawasawa na anayekitupa.

Jambo linaloniuma ni jingine. Mmojawapo wa fulu wa Mwanza, mwenye mgongo mwekundu, wanasayansi wamemwita Pundamilia nyererei: punda milia wetu kwa milia yake, na Mwalimu Nyerere wa Tanzania. Ng'ambo ya mkono wa maji kutoka Takawiri, kule Rusinga, Mary Leakey alifukua mwezi wa Oktoba 1948 fuvu la mnyama wa jamii ya nyani lenye umri wa miaka milioni 18 hivi. Mwaka 2015 likapewa jina jipya, Ekembo, nalo ni neno la Kisuba, lugha ya wenyeji wa visiwa vile. Maneno yetu yameingia katika vitabu vyao. Vitabu havijaingia katika maneno yetu. Goldschmidt nimemsoma kwa Kiingereza, Faraday kwa Kiingereza, na hata Biruni, Mungu amrehemu, nimelazimika kumtafuta katika tafsiri ya Kiingereza pale Kiarabu changu cha chuoni kilipokwama. Wala udhuru wa kukosa istilahi haupo tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mbao na misumari vipo, seremala ndiye hajaja.

Yule kijana aliacha shule kidato cha pili, karo ilipokosekana. Kiingereza anakisoma, polepole. Nilimuuliza shuleni walikuwa na vitabu gani vya sayansi. Akasema vilikuwapo, vya mtihani, na vilibaki shuleni alipotoka.

Nilipofika nyumbani nikamtumia kitabu cha Rachel Carson, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1951, "The Sea Around Us." Bibi huyu alifanya kazi katika idara ya samaki ya serikali yao, na kalamu yake inapita ya washairi wengi ninaowajua, nami nikiwamo. Baadhi ya aliyoyasema juu ya sakafu ya bahari yamepitwa na wakati, lakini sura ya maji kujaa na kupwa iko palepale. Niliweka unyoya wa kuku mahali hapo, nikampa dereva wa basi la Kisumu.

Baada ya wiki tatu simu yangu ikalia ujumbe. Hakuna salamu, hakuna ahsante. "Mzee, kama mwezi unavuta maji yote, basi unavuta na ardhi. Je, Takawiri nayo inapanda?"

Nimelitafuta jibu siku mbili. Inapanda. Ardhi yote hunyanyuka na kushuka, kisiwa na ziwa na Mombasa na Mji wa Kale wake, yapata shibiri moja au zaidi, mara mbili kila siku, wala hatuhisi kwa kuwa tunapanda pamoja nayo na vyote vilivyotuzunguka. Nilitaka kumpelekea jibu hilo kwa shairi, nikapata mizani, kina cha kati kikanishinda, nikamwandikia kwa nathari. Bado hajajibu. Leo mwezi haupo, bila shaka yuko ziwani.